Riali Moja, Usiku wa Alhamisi

Riali moja ni baisa elfu.
Niliikunja mara nne, nikaisokomeza
ndani ya ganda la simu,
nikamwambia Sabra: leo hatununui kitu, tunatazama.
Sabra akacheka. Macho, akasema, yana njaa kuliko tumbo
na hayatozwi nauli.

Uongo. Yalitozwa.
Basi jekundu kutoka Ruwi: mia tatu.
Lango la bustani, Qurum: mia mbili,
na kijana wa tiketi, ndevu changa, manukato mengi,
akaturudishia chenji bila kutuangalia,
kama mtu anayegawa karata.

Hapo nikahesabu. Mia tano.
Mia tatu za kurudi, zisiguswe.
Mia mbili ndiyo mali yangu yote ya starehe,
na mbele yangu mji umewashwa,
hadi mitende imevishwa mikufu ya umeme
kama bibi harusi asiyeulizwa anapenda rangi gani.

Wiki nzima nafua mashuka ya hoteli.
Naijua Maskati kwa madoa yake:
kahawa, wanja, mafuta ya udi.
Leo naiona imevaa.

Mfinyanzi kutoka Bahla anazungusha udongo,
mtungi unapanda viganjani mwake kama unaamka,
kila apitaye anataka kuugusa,
naye kila mara: bado mbichi, bado mbichi.
Mama wa Kihindi na ndoo ya bisi.
Wabaluchi watatu wamebanana ndani ya picha moja.
Kwenye sufuria ya shaba, halua,
na kijiko cha kuonja ni bure.
Tukaonja. Tukazunguka kibanda cha vitambaa,
Sabra akageuza mtandio wake upande wa pili,
tukarudi kuonja tena.
Mpishi alitujua.
Akatupa vijiko viwili viwili.

Chai ya karaki: mia moja. Kikombe kimoja, midomo miwili.

Ndipo ngoma ikalia,
si jukwaani, jukwaani kulikuwa na hotuba,
bali nyuma, penye vumbi, karibu na jenereta.
Duara la wanaume wenye kanzu,
zumari kama nyigu aliyechokozwa,
na ngoma moja ndefu, imesimama kama mtu.
Wanaiita msondo! Sabra akanifinya. Umesikia? Msondo!

Waliimba.
Neno moja likanipita.
La pili likakaa.
Mama. Nipe. Maji. Kesho.
Yamelika kingo, yamefungwa Kiarabu shingoni,
kama sarafu ya zamani iliyofutika uso wa mfalme,
lakini ukiibana kwa kidole unajua ni pesa.

Walipopumzika nikamfuata mpiga msondo,
Sanguri, fundi wa magari, Sohar,
grisi bado chini ya kucha.
Nikamuuliza, kwa Kiarabu changu cha kufulia,
mnaimba nini?
Akasema: Sijui. Babu aliimba hivi.
Nikamwambia: Mama, nipe maji, kesho sipo.

Akaushika uwambo wa ngoma, kiganja wazi,
kama unavyopima joto la mtoto.
Sisi, akasema, tunaipiga harusini.

Jenereta ikakohoa. Sabra akatazama viatu vyake.
Basi, akasema Sanguri, itabaki harusini.
Akawaita wenzake, wakaanza upya,
na kila walipofika kwenye kesho
aliinua uso kunitafuta,
nami naitikia kwa kichwa: ndiyo, ni hilo, umelipatia.

Hatukuziona fataki. Tulizisikia tu mgongoni.
Basi la mwisho lilinuka jasho na uvumba,
mtoto wa mtu amelala begani kwangu
bila ruhusa wala haya.
Mia moja ilibaki. Ninayo bado.

Asubuhi, mashuka.
Kwenye foronya moja, pembeni, doa la halua,
kahawia, lina zafarani.
Nililitazama kidogo
kabla ya kulitia sabuni.